Pantoni Juu ya Daraja

Baba yangu aliligeuzia daraja mgongo siku lilipofunguliwa, na kwa miaka arobaini hakuligeukia. Sitii chumvi. Kiti chake cha barazani kilitazama ukuta wa jirani, wakati angeweza kukielekeza mtoni akapata upepo na cha kutazama. Akiwa na shughuli ng'ambo alipanda basi linalozunguka kwenye daraja dogo la mbali, mto unakotokea, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, safari ambayo kwenye daraja letu mtu anaimaliza kwa miguu kabla hata jasho halijamtoka. Na daraja lenyewe si la kujificha. Watu wanatoka mbali kuja kupiga nalo picha. Limechorwa kwenye kalenda, kwenye stempu, kwenye maboksi ya viberiti. Nyumbani kwetu viberiti vya boksi lile havikuingia.

Sasa mimi, binti yake wa pekee, nikampenda fundi wa daraja. Haya, nicheke au nilie?

Zamani, kabla sijazaliwa, baba alikuwa nahodha wa pantoni iliyovusha watu na magari mahali palepale. Mtaa mzima bado unamwita Nahodha. Daraja lilipofunguliwa, pantoni ikakatwakatwa vyuma chakavu, na baba akaenda kufundisha watu udereva wa malori mpaka alipostaafu. Alibakiwa na kofia moja na picha moja. Kofia ilikaa juu ya kabati. Picha niliichukua mimi, na hapo ndipo mambo yote yalipoanzia.

Kamati ya sherehe za miaka arobaini ilitangaza kwamba inataka kazi za sanaa za palepale darajani, zile ambazo ukizihamisha haziwi kitu tena. Mimi ni mkata mabati. Nikakata pantoni ya baba kwenye bati, urefu wa hatua kumi, nikaifunga kwenye ukingo wa daraja upande wa machweo. Ukipita asubuhi unaona bati tu, unaenda zako. Lakini ikifika saa kumi na nusu, jua linaipiga kwa nyuma, na pantoni inalala kwenye njia ya waenda kwa miguu, nyeusi, kamili: bomba la moshi, kibanda, nahodha na kofia yake, abiria wamejipanga. Kwa robo saa hivi pantoni ya baba inavuka tena. Kisha jua linashuka, kivuli kinarefuka, kinapotea.

Fundi waliyenipa wa kuniangalia nisije nikaliharibu daraja lao, wenzake walimwita Nyundo. Siku ya kwanza alinigombeza.

"Dada, hiyo si kigingi cha kutundikia mkoba."

"Samahani, kaka. Mkoba wangu utaliangusha daraja?"

"Hautaliangusha. Ila umeziba bolti ninayotaka kuisikia."

Kuisikia! Nikadhani ananitania. Kumbe ndiyo kazi yake: anapita bolti moja baada ya nyingine na kinyundo chake cha mpini mfupi, anaigonga, anasikiliza, anaitia alama ya chaki, anahamia nyingine. Nzima inalia, aliniambia, iliyolegea inakohoa. Nikawa namwangalia anavyoinamisha kichwa, macho nusu kafumba, subira kama ya mtu anayemsikiliza mgonjwa. Nikajiuliza, mwanamume anayesikiliza bolti hivi, mke atamsikilizaje? Nilipojiuliza hivyo nikajua nimekwisha.

Miezi minne ikapita namna hiyo, mimi na bati langu, yeye na bolti zake, chai ya chupa moja tukigawana kwenye kifuniko. Halafu ikaja barua ya uhamisho. Jumatatu baada ya sherehe alitakiwa kuripoti kwenye daraja jipya, mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka ng'ambo, akae huko miaka mitatu.

"Twende wote," aliniambia. "Kwa heshima, nikiwa nimekuoa."

"Baba akikubali."

"Na asipokubali?"

"Akinung'unika nakwenda. Akinipa mgongo siendi. Namjua baba, akishakupa mgongo ni miaka arobaini."

Hakubishana. Aliutazama mkono wangu uliokuwa umeshika kile kifuniko, akakichukua taratibu kana kwamba ndicho kilichokuwa na moto. "Basi nitakuja Jumamosi," akasema.

Alhamisi tukalijaribu bati kwa mara ya kwanza. Kivuli kikashuka safi, mpaka mistari ya kofia ikaonekana. Nikapiga kigelegele, nikakikata katikati. Pantoni ilikuwa inakwenda ng'ambo! Mimi niliichora inarudi nyumbani, mdomo wake umeelekea upande wetu, kwa sababu hiyo ndiyo zawadi niliyotaka kumpa baba. Kosa lilikuwa la mikono yangu. Sisi wakata mabati tumezoea upande laini uwatazame watu na upande wa makwaruzo ufichwe. Mikono ikafunga kwa mazoea, bati likakaa kinyume na mchoro, na vishikio vikawa vimeshachomelewa. Kuligeuza maana yake ni kukata upya, kazi ya wiki mbili, na sherehe ilikuwa Jumapili.

Nililia palepale, mtu mzima na glavu zangu mikononi. Nyundo akachuchumaa pembeni ya kivuli, akakitazama mpaka kikaisha.

"Una uhakika ni kosa?" akauliza.

"Mbele imekuwa nyuma! Unataka uhakika gani?"

"Mimi pantoni sizijui. Na wewe unaijua kwa picha moja." Akainuka, akajipangusa magoti. "Yuko mtu mmoja tu wa kutuambia."

Jumamosi alasiri akaja. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi likasimama lenyewe, na kwa mara ya kwanza sikumwona na kinyundo. Shangazi, dada yake baba, anayeishi nasi na ambaye ulimi wake haujui likizo, alimpokea mlangoni akamkagua kuanzia viatu.

"Ndiyo huyu?" akaninong'oneza kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. "Mbona ni mrefu hivi? Huyu anahitaji ngazi ya kufanyia nini?"

"Shangazi, tafadhali."

"Nimesema kwa wema."

Baba alikuwa barazani, kwenye kiti chake, anautazama ukuta wa jirani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kaa."

Nyundo akakaa. Nikaleta chai na biskuti. Shangazi akajiweka karibu na dirisha, akajifanya anachambua mchele ambao ulishachambuliwa asubuhi.

"Mzee, nimekuja mwenyewe kwanza, kabla ya kutuma wakubwa wangu," Nyundo akaanza. "Nampenda binti yako. Nataka kumuoa. Jumatatu ninahamishwa, na sikutaka kuondoka kimyakimya kama niliyeiba."

Baba akanywa chai yake, funda moja, la pili.

"Unafanya kazi gani?"

Alikuwa anajua. Alijua tangu mwezi wa kwanza, Shangazi hawezi kukaa na jambo.

"Ni fundi wa daraja, Mzee."

"Daraja lipi?"

"Hili hapa."

"Sioni daraja hapa," baba akasema, macho ukutani. "Kijana, sina ugomvi nawe. Una adabu, umekuja mchana, umesema unalotaka. Lakini mkono unaolilisha daraja lile mafuta na rangi, siwezi kuukabidhi mwanangu. Nikikudanganya leo, kesho nitakuchukia mezani kwangu."

"Kaka!" Shangazi akadakia kutoka dirishani. "Pantoni yenyewe ilikuwa inavuja!"

"Haikuvuja hata siku moja."

"Nililowa viatu vyangu vya harusi!"

"Ulikanyaga ndoo."

Nilimtazama Nyundo, naye akanitazama, muda mfupi tu, macho yale ya kusikiliza. Nilijua nikimwacha aondoke Jumatatu nitalitafuta shati lile katika kila umati maisha yangu yote.

Akasimama. "Nimekuelewa, Mzee. Nashukuru kwa chai." Akapiga hatua mbili, akasimama tena. "Ila nina swali moja la kazi, si la ndoa. Naomba niulize."

"Uliza."

"Pantoni yako, mbele yake ilikuwa ipi?"

Kikombe cha baba kikasimama hewani.

"Nani anataka kujua?"

"Binti yako ameikata kwenye bati. Anasema ameifunga kinyume, mbele imekuwa nyuma. Tangu Alhamisi hali wala hanywi. Mimi sijui kama kweli amekosea. Hakuna mwingine wa kumuuliza."

Baba akageuza shingo kidogo, akanitazama mimi. Picha yake nilikuwa nimemwomba, ya kufanyia nini sikumwambia kamwe. Nilisubiri ukali. Badala yake akauliza, na sauti yake ilikuwa ya kazini, sauti ambayo sikuwahi kuisikia:

"Bomba la moshi umeliweka wapi?"

"Upande wa kushoto wa kibanda, baba."

"Nahodha anatazama wapi?"

"Ng'ambo."

"Lango la magari?"

"Nimechora moja. Kwenye picha linaonekana moja tu, pembeni imekatika."

Akashusha pumzi kwa pua. "Moja," akasema. "Ameniwekea moja. Na watu wataiona?"

"Kesho, Mzee, saa kumi na nusu," Nyundo akajibu. "Kwa robo saa tu."

"Nileteeni mchoro."

"Mchoro hauonyeshi, baba," nikasema. "Ni kivuli. Kinaonekana palepale tu."

"Palepale wapi?"

Shangazi aliacha kuchezea mchele. Baba akakiweka kikombe chini, akaegemea, akaurudia ukuta wake. "Kijana, safari njema," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nilimsindikiza Nyundo hadi kona.

"Ulipanga kumchokoza," nikamwambia.

"Nilipanga kuuliza. Nilikuwa sijui kweli."

"Na sasa?"

"Sasa nimejua ana lango la pili." Akatabasamu, lakini macho hayakutabasamu. "Kesho nitakuwa mwanzo wa daraja tangu saa tisa. Usilie tena. Ukilia bati linapata kutu."

"Mjinga wewe."

"Mjinga wako," akasema, akaenda.

Jumapili daraja lilijaa. Kulikuwa na bendi, puto na hotuba za watu wenye suti, na wasanii wengine kila mmoja na kipande chake: mmoja alifunga nyuzi kwenye nguzo zikawa zinaimba kwa upepo, mwingine aliandika kwa chaki majina ya mafundi wote waliojenga, mwanzo wa njia hadi mwisho. Mimi nilikaa karibu na bati langu, nikiwajibu watu wanaouliza hiki nini. Subirini, nikasema, subirini saa kumi na nusu. Rohoni sikutaka ifike.

Saa kumi na robo nilimwona Shangazi. Alikuwa anakuja kwa mwendo wa mtu mwenye habari, kanga inamteleza begani.

"Njoo uone," akaniambia. "Njoo haraka, na usiseme kitu, utaharibu."

Nikamfuata hadi mwanzo wa daraja. Baba alikuwa amesimama pale barabara inapoishia na chuma kuanza. Alikuwa amevaa kofia. Ile ya juu ya kabati, imepigwa brashi. Viatu vyake vilikuwa vimefika ukingoni mwa mwanya wa chuma, ule unaoachwa makusudi ili daraja lipate nafasi ya kutanuka kwenye joto, na hapo vikagoma.

Nyundo alikuwa upande wa pili wa mwanya, hatua moja tu. Hakumnyooshea mkono. Walikuwa wanaongea kama mafundi wawili wanaokutana gereji.

"Mwanya huu wa nini?" baba akauliza.

"Linatanuka, Mzee. Mchana hivi mwanya ni vidole viwili. Alfajiri ni vinne."

"Kumbe linatembea."

"Kila siku. Ukilibana linapasuka."

"Hmm. Na bolti unazigonga zote?"

"Zote. Nikifika mwisho naanza upya."

"Mimi nilikuwa nausikiliza mtambo kwa nyayo," baba akasema. "Nilivua viatu kwenye usukani. Wakubwa walinigombeza, lakini ukivaa viatu husikii kitu."

"Mimi wananigombeza kwa kuzima redio za wenzangu."

Baba akacheka kidogo kwa pua. Kisha akainama, mzee wa miaka sabini na mbili, akavua kiatu cha kulia, akavua cha kushoto. Akavishika mkononi. Akauvuka ule mwanya peku.

Shangazi alinifinya mkono nusura anitoe damu.

Tulitembea naye polepole. Alikanyaga kama mtu anayejaribu maji. Watu walimpisha bila kujua wanampisha nani, na alipofika kwenye bati, jua likawa limefika pia. Kivuli kilikuwa kinashuka. Kwanza bomba, kisha kibanda, kisha nahodha, kisha abiria mmoja mmoja mpaka wakatimia. Watu wakasema "aah!" kwa pamoja. Baba alisimama nje ya kivuli, kofia yake na ya bati zikifanana.

"Nimekosea, baba," nikasema, na nikashindwa kujizuia, machozi yakashuka. "Nilitaka irudi nyumbani. Nimeifunga kinyume, inakwenda. Mbele imekuwa nyuma. Nisamehe."

"Nani kakwambia pantoni ina nyuma?"

Nikamtazama.

"Ilikuwa na milango miwili," akasema. "Magari yaliingia huku, yakatokea kule. Kurudi, yaliingia kule, yakatokea huku. Ile haikugeuka hata siku moja, mwanangu. Mto ule mwembamba, ungeigeuzia wapi? Aliyegeuka ni nahodha. Unafika ng'ambo, unageuka hapohapo kwenye usukani, unatazama kwenu, basi, umeanza kurudi." Akaonyesha kivuli kwa kiatu alichokishika. "Huyu hajakosea. Huyu ndiyo kwanza anakwenda."

Akawahesabu abiria wa kivuli.

"Ila umeniwekea watu wengi," akasema. "Siku ya mwisho hawakuwa wengi. Daraja lilifunguliwa asubuhi, bendi kama hivi, kila mtu juu. Mimi niko chini na mtambo unanguruma, tangu saa moja, hakuna mtu. Hata mbwa. Saa kumi hivi akashuka msichana mmoja, amevaa gauni la maua. Nikamwambia, dada, daraja lipo, pita juu bure. Akasema, najua, lakini nimezoea kuvushwa na wewe. Nikamvusha peke yake. Nikamrudisha. Hakuwa na shughuli yoyote ng'ambo."

"Mama," nikasema.

"Mama yako. Hakuwahi kuniambia nisichukie. Alizunguka nami na lile basi mpaka mwisho wake, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, miguu imemvimba, hakulalamika." Sauti yake ikakatika, akaisubiri irudi. "Angependa kupita hapa. Nilimnyima."

Shangazi alikuwa analia waziwazi na wala hakujali. Nyundo alikuwa amerudi nyuma hatua chache, karibu na ukingo, ametuachia nafasi. Kivuli kilishaanza kurefuka.

Baba akavaa viatu vyake, kimoja, cha pili, akiniegemea bega. Akanigeuza nimtazame. Ni siku nyingi sijaona macho yake kwa karibu hivyo.

"Unampenda?"

"Nampenda, baba."

"Anakusikiliza?"

"Kuliko bolti."

"Wewe kijana!" akaita. Nyundo akasogea, mikono ameifunga mbele. "Hilo daraja lako jipya liko upande gani?"

"Ng'ambo, Mzee. Barabara inaanzia hapo mwisho wa hili."

"Tangulia. Kasimame kule mwisho utusubiri."

Nyundo hakuelewa mara moja. Alinitazama mimi, akamtazama baba, kisha akaelewa, na uso wake ukawa ule wa mtu aliyesikia bolti inalia. Akageuka akaanza kutembea upesi, akasahau hata kumuaga Shangazi.

"Na usikimbie!" Shangazi akampigia kelele. "Utaanguka mtoni tukose bwana harusi!"

Baba akaiweka kofia sawa. "Miaka arobaini," akaniambia taratibu, "nimekuwa nikisema mama yako ndiye abiria wangu wa mwisho. Kumbe sikuwa nimemaliza."

Akanishika mkono, akanivusha.